Nina miaka 48, nataka kurudi kidato cha pili

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto wanne, fundi cherehani hapa Muheza mkoani Tanga. Nina miaka 48. Safu yako naisoma siku nyingi, mara nyingi kwenye simu ya binti yangu, na leo nimeona nami niandike kwa sababu jambo hili nikimweleza mtu wa jirani, kesho nitalisikia sokoni.

Mwaka 1993 nilikuwa kidato cha pili. Nilipenda shule, Mwalimu, na sisemi hivyo ili unihurumie. Kwenye Baiolojia nilikuwa sitoki tatu bora. Mwezi wa tano nikashika mimba. Sketi ilipoanza kunibana kiunoni nilisogeza kifungo usiku, kwa sindano ya kuazima na mwanga wa kibatari. Baada ya wiki chache nikakisogeza tena. Mara ya tatu kitambaa cha kusogezea kilikuwa kimeisha. Matroni akatupanga mstari, tukabonyezwa matumbo mmoja mmoja, na kesho yake nikapewa barua nimpelekee baba. Niliibeba mwenyewe, kwa mguu, ikiwa imefungwa. Mvulana niliyekuwa naye alikuwa kidato cha nne shule ya jirani. Alifanya mtihani wake Novemba hiyo hiyo.

Nilijifungua mtoto wa kiume Februari 1994. Mama akabaki kumlea, mimi nikapelekwa Korogwe kwa shangazi kujifunza kushona. Ndiyo kazi iliyonilisha mpaka leo, sina neno baya juu yake. Kila Desemba na Januari baraza langu linajaa sketi za shule za watoto wa watu. Niliolewa, nikapata watoto wengine watatu.

Linalonikaba ni hili. Mume wangu anajua yote, lakini watoto hawajui. Wao wanajua mama yao alimaliza kidato cha nne. Sikumbuki hata lini nilianza kusema hivyo. Nadhani kulikuwa na fomu ya shule ya kujaza elimu ya mzazi, nikaandika, basi nikawa nimeshaingia. Mwaka huu binti yangu wa mwisho yuko kidato cha kwanza. Usiku mmoja akaniletea daftari, hesabu zile za x na y. "Mama, nisaidie hii moja tu." Ile hesabu niliitambua. Niliwahi kuiweza. Nikamwambia nina sketi za watu, amsubiri baba yake. Akaondoka na daftari lake, mimi nikaunga marinda kinyume mpaka ikabidi nifumue yote.

Kingine ni cha mwaka huu huu. Kuna kituo kinafundisha ushonaji wasichana walioacha shule. Fundi wao alipohama waliniomba nishike nafasi, nikafundisha wiki sita. Mwalimu, sijawahi kufurahi namna ile kazini. Wiki ya sita msimamizi akaniita, akasema kwa heshima kabisa kwamba wangependa nibaki, ila hana namna ya kuniandikisha bila cheti chochote. Nilirudi nyumbani nikakaa barazani mpaka giza likaingia, cherehani sijaifunua.

Tangu siku hiyo wazo la kufanya QT, ule mtihani wa waliokatisha shule, haliniachi. Kwenye kikoba tukivunja Desemba nitapata kama laki tano. Mume wangu si mkorofi, lakini hela hiyo anataka tuezeke chumba cha uani tupangishe. Nilipomgusia akauliza, "Ukimaliza una miaka 50, nani atakuajiri?" Sikuwa na jibu. Wifi yangu aliposikia alicheka mpaka akashika mbavu, akaniuliza kama nitavaa na soksi.

Naomba uniambie ukweli. Nimechelewa? Nikifeli, si nitakuwa nimejiaibisha mara ya pili? Na watoto nitawaambia nini?

Fundi, Muheza

*

Marahaba mdogo wangu,

Kabla sijakujibu, kuna jambo inafaa ulijue kuhusu mtu anayekujibu.

Mwaka 1991 nilikuwa mwalimu kijana kwenye shule ya bweni, mkoa mwingine kabisa. Tuliitwa kikao cha walimu na ajenda moja ikawa msichana wa kidato cha tatu. Ajenda hiyo ilichukua muda mfupi kuliko ile ya kupanga zamu za wiki. Mkuu wa shule akauliza kama kuna mwenye neno. Nilikuwa nimemfundisha mtoto yule miaka miwili, najua mwandiko wake, na dakika ile nilitazama kalamu yangu mpaka tukahamia jambo jingine. Alipokuja kuchukua sanduku lake bwenini nilikuwa darasani. Nilimwona kupitia dirishani, nikaendelea kuandika ubaoni. Utaratibu ndio ulikuwa huo nchi nzima, lakini mdomo wa kusema neno nilikuwa nao. Miaka mingi baadaye nilipoomba kufundisha madarasa ya jioni ya watu wazima, wenzangu walidhani nafuata posho. Nilikuwa namtafuta yule msichana. Hakuja. Walikuja wengine, na karibu wote walikuwa wewe.

Kwa hiyo neno moja kwanza. Barua yako inasema unaogopa kujiaibisha "mara ya pili". Mara ya kwanza ni ipi? Mtoto wa miaka 16 aliyebebeshwa barua ya kumfukuza, aipeleke mwenyewe kwa miguu yake, hakujiaibisha. Hukuacha shule, ulitolewa. Tarehe 24 Novemba 2021, Wizara ya Elimu ilipotangaza kwamba wasichana waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi katika shule rasmi, nilikaa jikoni nikalia. Wewe ulikuwa na miaka 44 siku hiyo. Nchi yenyewe imekiri kwamba mlango ule haukupaswa kufungwa, na kuchelewa kwa tangazo hilo si kosa lako.

Sasa tuje kwenye swali la mume wako, maana wewe umelichukua kama kejeli na mimi naliona ni swali la maana linalostahili jibu. Nani atakuajiri ukiwa na miaka 50? Serikali haitakuajiri. Matangazo ya ajira za serikali huweka kikomo cha miaka 45 kwa mtu ambaye hayumo tayari kwenye utumishi wa umma, na wewe umeshakipita. Ndoto ya kuwa muuguzi au mwalimu wa serikali, kama bado iko pembeni ya moyo, iage leo. Nimewaona watu wazima wakisoma miaka mitatu kwa matumaini hayo kwa sababu hakuna aliyetaka kuwavunja moyo, na walipofika mwisho walivunjika vibaya zaidi.

Lakini hebu rudi kwenye barua yako mwenyewe. Msimamizi wa kile kituo hakukuomba cheti cha kidato cha nne. Umeandika, "bila cheti chochote." Nimelisoma neno hilo mara tatu. Wewe una mambo mawili umeyafunga kwenye kanga moja: kazi unayoitaka, na shule uliyonyang'anywa. Yafungue, kila moja lina njia yake, na moja ni fupi kuliko unavyodhani.

Kazi kwanza. VETA, wale wa vyuo vya ufundi vya serikali, wana utaratibu unaoitwa urasimishaji wa ujuzi. Umewekwa kwa ajili ya mafundi waliojifunzia kazini, kwa shangazi, kwa mjomba, chini ya mti, ambao mikono yao inajua na karatasi hawana. Hawakurudishi darasani kuanza kushika sindano. Wanakupima kwa kazi: kata, unga, tia zipu, piga pindo. Wakiona pengo wanakufundisha pale penye pengo, kisha unapewa cheti. Miaka thelathini ya marinda ndiyo maandalizi yako. Chuo chao kipo Tanga mjini, kutoka Muheza unakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Nenda kaulize lini wanapima mafundi ushonaji na gharama ni kiasi gani, ila kabla ya kupanda basi pita kwa yule msimamizi umuulize waziwazi: "Nikileta cheti hiki, utaniandikisha?" Akisema ndiyo, mume wako ameshapata jibu lake, na limepatikana bila kugusa hesabu za x na y.

Halafu shule. Hiyo nayo nataka uirudie, na sababu yake isiwe ajira. Wengi watakutajia mzee Kimani Maruge wa Kenya, aliyeingia darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, na Bibi Priscilla Sitienei, mkunga wa kule Ndalat, Kenya hiyo hiyo, aliyekaa darasani na vitukuu mpaka alipofariki mwaka 2022 akiwa na miaka 99. Watakutajia umri wao. Mimi nakuomba utazame sababu zao. Maruge alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe, asisomewe. Bibi Sitienei alikuwa na ujuzi wa ukunga wa miaka zaidi ya sitini na hakujua kuuandika, na alitaka pia kuwaonyesha mabinti waliozaa wakaacha shule kwamba nao wanaweza kurudi. Hakuna kati yao aliyekwenda kutafuta mshahara. Walijua wanachokwenda kuchukua, ndiyo maana vicheko havikuwatoa kwenye dawati. Wewe unakwenda kuchukua nini? Mimi nahisi ni ile Baiolojia. Lakini usikubali kwa sababu nimesema mimi, kaa nalo.

Njia yenyewe si ngeni kwa mtu aliyefundisha jioni. Kwa kuwa ulitolewa kabla ya mtihani wa kidato cha pili, unaanza na QT, yaani Mtihani wa Maarifa, ambao ni wa masomo ya kidato cha kwanza na cha pili. Unafanywa Novemba. Ukifaulu, mwaka unaofuata unafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ni miaka miwili mambo yakienda sawa. Usajili hufunguliwa Januari, na ukichelewa unalipa faini. Najua Januari kwako ni vita ya sare za shule, kwa hiyo tenga siku moja mapema, iandike ukutani, na mteja wa siku hiyo aambiwe kabisa duka limefungwa. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina ofisi mikoani. Anzia kwao wakuelekeze kituo cha kweli, maana kuna vituo vya uchochoroni vinavyopokea ada ya mwaka mzima na mwalimu anaonekana mara mbili kwa mwezi.

Tafuta cheti chako cha darasa la saba sasa hivi, kabla hata ya kuuliza ada. Hapa ndipo wanawake wengi hukwama. Cheti kina jina la baba, kitambulisho cha taifa kina jina la mume, na siku ya usajili ndiyo wanagundua. Majina yasipofanana, shughulikia mapema kiapo cha kuthibitisha kuwa yote ni yako. Na vitabu vya kidato cha pili vya zamani usinunue vile vya bei poa barabarani. Mitaala mipya imeanza kuingia tangu 2024, muulize kwanza mwalimu wa kituo ni kipi kinatumika kwenye mtihani wako.

Kitakachokutesa si hesabu. Ni Kiingereza. Umekaa miaka zaidi ya thelathini bila kukihitaji, na karatasi karibu zote zitakuja kwa Kiingereza, ukiacha ile ya Kiswahili. Darasani kwangu alikuwepo mama lishe, alikuja moja kwa moja kutoka jikoni, madaftari yake yananukia moshi. Ukimuuliza swali la asilimia kwa Kiswahili anajibu kabla hujamaliza sentensi, kwa sababu kila siku anagawanya kilo ya unga kwa idadi ya chapati na kutoa faida. Ukimwandikia swali hilo hilo kwa Kiingereza anakaa kimya kama kamwagiwa maji. Alifeli mara ya kwanza. Akarudi. Tulichofanya mwaka wa pili ni kukata maneno ya maswali tu, neno moja moja, *calculate*, *explain*, *differentiate*, akayabandika kwenye ukuta wa banda lake juu ya sufuria. Akafaulu. Kwako ukuta upo, na cherehani ina meza.

Ndiyo, unaweza kufeli. Umeniomba nikuambie ukweli. Mtihani huo unarudiwa, na kwenye madarasa ya jioni kurudia ni jambo la kawaida kuliko unavyofikiri. Wifi yako atacheka tena, acha acheke. Soksi huvai.

Kuhusu laki tano: usiichukue yote, na usiitoe yote kwa bati. Ada ya mtihani yenyewe haifikii hata nusu ya hiyo hela. Kinachokula ni kituo, nauli na vitabu. Kaa na mume wako, na usimwendee na machozi, mwendee na daftari la mahesabu. Mwonyeshe gharama ya VETA, ya usajili, ya kituo kwa mwezi, na unachoweza kulipwa kwenye kile kituo cha wasichana kama utaandikishwa. Mwambie chumba cha uani kitaezekwa, pengine kwa awamu. Umesema si mkorofi, nami nakuamini. Mwanaume aliyekuoa akijua yote na akatunza siri hiyo miaka yote anaweza kusikiliza hesabu.

Limebaki la watoto, na ndilo lililonifanya niisome barua yako mara ya pili. Waambie. Anza na mkubwa, na mpigie au mwite aje peke yake, asilisikie kwa wadogo zake. Yeye ana miaka 31, anajua kupiga hesabu za miezi. Atakapojua ulitolewa shule 1993, kitu cha kwanza kitakachomjia ni kwamba yeye ndiye sababu. Usimwache akae na hilo hata dakika tano. Usitamke "kwa ajili yako niliacha" hata kwa upendo, maneno hayo huingia vibaya. Mwambie alikufukuza aliyeandika barua. Mwambie yeye alikuja Februari, barua ilikuja kabla, na siku aliyozaliwa hukuwaza shule. Kama uliwaza, liache hilo kwako.

Binti wa kidato cha kwanza naye aambiwe, kwa maneno ya umri wake lakini bila kupunguza ukweli. Una hofu atakudharau. Mimi nimekaa na mabinti wa umri huo maisha yangu yote ya kazi. Kinachowaumiza ni kufukuzwa na daftari mkononi bila kujua kwa nini. Akishajua, amempata mwanafunzi mwenzake wa hesabu, na wewe umempata wa kukusomea maswali ya Kiingereza kila usiku, bure.

Usitafute siku maalumu ya kumwambia. Akimaliza kula, mwite mezani, sukuma sketi za watu pembeni, mpe swali hili nililolitunga kwa ajili yenu. Sketi mbili na shati moja zimekula mita 5.5 za kitambaa. Sketi moja na mashati matatu yamekula mita 6.5. Sketi iwe x, shati liwe y. Wewe jibu utalipata kichwani kabla yake, kwa sababu unajua sketi ya marinda inakula mita ngapi. Yeye atalipata kwenye karatasi. Muulize amefikaje, akuonyeshe hatua moja moja, na akikuuliza kwa nini hujui hatua ilhali jibu umelijua, mwambie.